Mkono Usiokubali Kuvunjika
(Somo la nyuzi za kaboni katika saspensheni ya magari madogo ya redio)

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri wetu aliniomba niandike somo la sayansi kwa Kiswahili kwa sababu wapo wenzetu hapa shuleni wanaodai ati Kiswahili ni cha insha na ngonjera tu, na fizikia ikiingizwa humo inagoma. Nimekubali ombi hilo. Nitaeleza kitu nilichokishika kwa mikono yangu mwenyewe na ambacho kimenigharimu: saspensheni ya gari dogo linaloongozwa kwa redio, na zile sehemu zake nyeusi zinazotengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Msomaji, usiogope hesabu. Ni chache, na zote ni za darasa letu.

1. GARI LENYEWE

Gari la redio si lile la kuchezea linalovutwa kwa kamba. Lina mota, betri, kipokezi cha mawimbi, na dereva wake husimama kando akiwa na rimoti mkononi. Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Ujapani, ilitoa gari lake la kwanza la redio mwaka 1976, nalo lilikuwa mfano wa Porsche 934 kwa kipimo cha 1/12. Mwaka 1984 kampuni ya Team Associated ya California, Marekani, ilitoa RC10, gari la mashindano ya vumbini lenye chasisi ya alumini. Leo mchezo huu una mashindano ya dunia na mabingwa wake.

Kipimo cha 1/10 maana yake ni kwamba kila sentimita kumi za gari la kweli zimekuwa sentimita moja. Gari la kipimo hicho huwa na tungamo la kilo moja na nusu hivi. Usilidharau lakini, maana yale ya mbio hufikia kilomita 50 kwa saa na zaidi.

Gari nitakalolisimulia si langu, ni la kaka yangu. Alilinunua likiwa limekwisha kutumiwa, kwa akiba ya mshahara wake wa kwanza, na alipopata kazi Mombasa akaniachia nilitunze. Alisema, "Cheza nalo, lakini ukiharibu kitu niambie." Yakumbuke maneno hayo, msomaji. Tutayarudia.

2. KAZI YA SASPENSHENI

Saspensheni ni viungo vinavyoliunganisha gurudumu na mwili wa gari kwa namna ya kuliruhusu gurudumu kupanda na kushuka peke yake. Katika gari dogo la redio tunapata sehemu nne kubwa:

(a) Mkono: kipande kirefu kinachoshika gurudumu. Upande wa ndani umefungwa kwa pini, hivyo huinuka na kushuka kama kiwiko.

(b) Shokabsoba, au kama wanavyosema gereji, shoki: springi iliyozungushiwa mrija wenye mafuta. Springi hupokea pigo, nayo mafuta huizuia isirukeruke.

(c) Mnara: kibao kilichosimama wima juu ya chasisi. Kichwa cha shoki hufungwa hapo. Huwa na matundu mengi ili dereva aweze kubadilisha mlalo wa shoki.

(d) Kitako: kipande kilichofungwa chini kwenye chasisi, ambacho hushika pini za mikono pamoja na mguu wa mnara.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Hebu tupige hesabu. Gari la kilo 1.5 likiruka na kuanguka kutoka kimo cha mita 1, nishati yake ni tungamo mara mvutano mara kimo, yaani 1.5 x 10 x 1 = jouli 15. Nishati hiyo lazima imalizwe mahali fulani. Ikiwa saspensheni italisimamisha gari taratibu katika sentimita 3, kani ya wastani itakuwa 15 gawanya kwa 0.03, sawa na nyutoni 500. Huo ni uzito wa mwanafunzi wa kilo 50. Sasa tuseme saspensheni imekaza na gari linasimama ghafla katika milimita 3 tu. Kani itakuwa nyutoni 5,000. Kumbe ni wanafunzi kumi waliosimama juu ya gari unaloweza kulibeba kwapani!

Hata magari makubwa hayasalimiki. Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwezi Juni 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho kule Naivasha. Saspensheni yake ya nyuma ikaharibika, akaaga mashindano, na ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Siku tatu za mbio ziliharibiwa na kiungo kimoja kilichoshindwa na njia.

3. NYUZI ZA KABONI NI NINI?

Bila shaka umewahi kumwona mchoma makaa. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo ili hewa isiingie, kisha huyachoma polepole. Akiiachia hewa, atabaki na majivu. Akiizuia, atabaki na makaa, ambayo sehemu yake kubwa ni kaboni.

Nyuzi za kaboni hutengenezwa kwa wazo lilo hilo. Aghalabu mwanzo wake ni nyuzi za plastiki iitwayo poliakrilonitrili, ambayo ni jamaa ya nyuzi za akriliki zinazofumiwa sweta. Naam, pengine sweta uliyovaa sasa hivi ina binamu ndani ya ndege! Nyuzi hizo hukazwa na kupashwa joto hewani kwa nyuzijoto 200 hadi 300 hivi. Baadaye hupashwa zaidi ya nyuzijoto 1,000 pasipo oksijeni. Vitu vingine karibu vyote hufukuzwa na kaboni hubaki. Uzi mmoja huwa na kipenyo cha sehemu saba hivi za elfu za milimita. Unywele wako ni mnene kuushinda kama mara kumi.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1880 Thomas Edison alitumia nyuzi za mwanzi zilizogeuzwa kaboni ndani ya taa zake za umeme. Nyuzi zenye nguvu kubwa zilipatikana baadaye sana. Roger Bacon wa Marekani alizipata katika maabara mwaka 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Akio Shindo wa Osaka, Ujapani, akaonyesha njia ile ya poliakrilonitrili. Waingereza wa Farnborough waliiendeleza katika miaka hiyo hiyo.

Uzi mmoja peke yake haufai kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Maelfu ya nyuzi hufumwa kuwa kitambaa kama mkeka, vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, hulowekwa gundi ya epoksi, hugandamizwa na kupashwa joto. Hapo hupatikana kibao cheusi kinachong'aa. Nyuzi hubeba mzigo, nayo gundi huzishika zisitawanyike. Mwanzi nao umeumbwa hivyo hivyo: nyuzi ngumu ndani ya kitu laini kinachozigandisha. Ndiyo sababu mwanzi hauvunjiki upesi ukiuvuta kwa urefu, lakini ukitia kisu kichwani hupasuka hadi chini. Weka hilo akilini.

Tazama sasa uzito wa kibao cha ujazo wa sentimita 10 za ukubo:

Chuma: gramu 78
Alumini: gramu 27
Nyuzi za kaboni na epoksi: gramu 16
Nailoni: gramu 11

Kibao cha kaboni kilichofumwa pande zote hukaribia alumini kwa ukakamavu, yaani kukataa kupinda, ilhali uzito wake unazidi nusu ya ule wa alumini kwa kidogo tu. Jambo jingine la kukumbuka ni unene. Kibao kikiongezwa unene mara mbili, ukakamavu wake wa kupinda huongezeka mara nane, kwa maana tunazidisha 2 x 2 x 2. Kwa hiyo milimita moja zaidi kwenye mnara si jambo dogo.

4. TUIWEKE WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, na ndipo nilipopotea.

Mnara wa shoki unafaa sana kuwa wa kaboni. Kwanza, unakaa juu, na uzito wa juu huliyumbisha gari kwenye kona. Ukipunguza gramu kumi pale umepunguza mahali panapostahili. Pili, mnara haupaswi kupinda. Mnara ukipinda gari linapotua, umegeuka springi, tena springi isiyo na mafuta ya kuituliza. Nishati inayoingia ndani yake hurudi kwa ghafla, gari likaruka tena, na dereva akadhani shoki zake ni mbovu.

Mkono una maisha mengine. Mkono ndio unaotokeza nje kando ya gurudumu. Ndio wa kwanza kukutana na jiwe, nguzo au ukingo wa barabara. Gari letu la kilo 1.5 likienda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, lina nishati ya mwendo ya nusu x 1.5 x 10 x 10 = jouli 75. Hiyo ni mara tano ya ile ya kuanguka mita moja! Mkono wa nailoni hupinda, humeza sehemu ya nishati hiyo, kisha hurudi mahali pake. Nyuzi za kaboni hurefuka kama asilimia moja na nusu hadi mbili tu kabla ya kukatika, na hazitoi onyo. Chuma hupinda kikabaki kimepinda, ukajua kimechoka. Kaboni hukaa kimya, kisha "ka!" na umebaki na vipande.

Isitoshe, mkono unahitaji tundu refu la pini. Ukiukata kutoka kibao bapa cha kaboni, itakubidi utoboe ubavuni, katikati ya tabaka. Unakumbuka kisu kichwani mwa mwanzi? Tabaka huachana vivyo hivyo. Kwa sababu hizi watengenezaji wengi wa magari ya vumbini huunda mikono kwa nailoni. Wengine huchanganya humo vipande vifupi vya nyuzi ili kuikaza kidogo, na wengine huuza vibao vyembamba vya kaboni vya kufunga juu ya mkono wa plastiki, ili dereva achague mwenyewe kiasi cha kupinda.

Usidhani kwamba kibao hakiruhusiwi kabisa kupinda. Magari mengi ya 1/12 ya kukimbia juu ya zulia na lami laini yalikuwa na kibao chembamba chenye umbo la T nyuma, cha nyuzi za kioo au za kaboni. Kupinda kwake ndiko kulikokuwa saspensheni. Nyuzi ni zile zile, kazi ni nyingine, na unene umechaguliwa kwa kazi hiyo.

5. KOSA LANGU

Gari la kaka lilikuwa na mnara wa kaboni mbele na mikono ya plastiki. Mwezi wa pili mkono wa kushoto ulivunjika nilipogonga ukingo wa barabara. Nilikasirika. Nikajiuliza, mbona mnara uko salama na hiki kiplastiki kimekatika? Nikaamua kuondoa unyonge huo kabisa. Kibao cha kaboni sikuweza kukipata, basi nikaenda kwa fundi wa jua kali tunayepakana naye, nikamwomba anikatie mikono miwili ya alumini nene. Siku ya maonyesho ya sayansi shuleni ilikuwa imekaribia, na jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye orodha.

Fundi alipokea kile kipande cha plastiki, akakigeuza. "Kijana," akasema, "ni kwa nini mwenye gari alitia plastiki hapa na kaboni pale?"

"Bei rahisi tu, mzee," nikajibu kwa kujiamini.

Alinitazama, akacheka kidogo, akanikatia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Siku tatu kabla ya maonyesho niligonga ukingo ule ule. Mikono ya alumini haikupata hata mkwaruzo. Nilifurahi kwa muda wa kama kufumba jicho. Nilipoliinua gari, magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yananing'inia. Kitako kilikuwa kimepasuka katikati, na mguu wa mnara wa kaboni ulikuwa umeachana tabaka kwenye matundu ya skrubu. Nilikuwa nimeokoa mkono wa bei ndogo nikapoteza vitu viwili vya bei kubwa, na ambavyo havipatikani dukani kwetu.

Nilirudi kwa fundi nikiwa mnyonge. Hakunicheka mara hii. Aliniuliza, "Nyumbani kwenu fyuzi ya umeme ni ya nini?"

"Ni ya kukatika, mzee, ili redio isiungue."

"Sasa wewe ulitoa fyuzi ukaweka msumari. Pigo halipotei. Ukikataza mkono kuvunjika, umeamuru kitu kingine kivunjike. Mwenye kuunda gari huchagua mapema kitakachovunjika kwanza."

Maneno hayo ndiyo somo langu zima. Baadaye nikasoma habari za McLaren ya mwaka 1981, gari la kwanza la Formula 1 lililokuwa na mwili wa nyuzi za kaboni. John Watson aligonga nalo vibaya kule Monza, Italia, mwaka huo huo. Injini ilichomoka nyuma, ule mwili wa kaboni ukabaki, na Watson akatoka akitembea. Kilichoweza kuachwa kiliachwa, dereva akabaki salama.

Siku ya maonyesho nilisimama nyuma ya meza yenye gari lisiloweza kutembea. Usiku wake nilimpigia kaka simu. Nilikuwa nimejitayarisha kusema kwamba "limevunjika", kama vile lilijivunja lenyewe. Nikakumbuka alichoniambia, nikasema, "Kaka, nimelivunja." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mikono ilikuwa ya nini. Nilipomwambia ni alumini, alicheka mpaka simu ikakatika. Kitako tunakichangia nusu kwa nusu. Mimi nimetoa pesa zangu za likizo.

6. JARIBIO LA KUFANYA DARASANI

Chukua vipande vitatu vyenye urefu, upana na unene ulio karibu sawa: rula ya plastiki, ukanda wa alumini na ubamba wa mwanzi. Kaza mwisho mmoja wa kila kimoja kwenye ukingo wa meza kwa jiliwa. Ning'iniza mawe ya mizani upande wa pili, gramu 50 kila mara, na upime ncha imeshuka milimita ngapi. Chora grafu. Mwanzoni utaona mstari ulionyooka, ambao ni Kanuni ya Hooke. Endelea kuongeza, ukiwa umesimama mbali kidogo. Andika ni kipi kilichobaki kimepinda, na kipi kilichorudi kama kilivyokuwa. Fundi alinisaidia kukata mikono mipya kutoka ubao mnene wa plastiki wa kukatia mboga. Niliipima hivyo kabla ya kuifunga. Inapinda na kurudi.

7. UTUNZAJI

Ukibahatika kupata sehemu ya kaboni, zingatia haya:

(a) Ukikata au kusugua kwa msasa, lowesha maji na uvae barakoa. Vumbi lake huwasha ngozi na si la kuvutwa kifuani.
(b) Paka gundi ya supaglu nyembamba kwenye kingo zote zilizokatwa, ili tabaka zisianze kuachana.
(c) Usikaze skrubu kupita kiasi. Weka washa pana chini ya kichwa chake.
(d) Kaboni hupitisha umeme. Usiuache waya uliochubuka au ncha ya betri viguse kibao.
(e) Ukiona mstari mweupe au ukisikia sauti ya kukwaruza unapokipinda kwa vidole, kiondoe. Hakitakuonya mara ya pili.

8. MSAMIATI

Ukakamavu: hali ya kitu kukataa kupinda.
Uimara: hali ya kitu kukataa kuvunjika. (Kitu kinaweza kuwa na kimoja kikakosa kingine.)
Tabaka: kitambaa kimoja miongoni mwa vilivyopangwa juu ya vingine.
Kitako: kipande kinachoshika pini za mikono na mguu wa mnara.

9. MASWALI YA MARUDIO

1. Gari la kilo 2 linaanguka kutoka kimo cha mita 0.8. Saspensheni inalisimamisha katika sentimita 4. Tafuta kani ya wastani.
2. Mnara wa milimita 2 umebadilishwa ukawekwa wa milimita 4 wa aina ile ile. Ukakamavu wake umeongezeka mara ngapi?
3. Kwa nini mkono uliokatwa kutoka kibao bapa cha kaboni hupasuka kwenye tundu la pini?
4. Chagua chombo kimoja nyumbani kwenu. Ni sehemu gani iliyokusudiwa kuvunjika au kukatika kwanza, nayo inalinda nini?

Majibu ya swali la kwanza na la pili: nyutoni 400; mara nane. La tatu limo ndani ya somo. La nne lete chumba cha Chama Jumatano, tujadiliane. Mimi nitakuwa hapo na lile gari, na safari hii, mhariri na walimu, litatembea.